Jumatano: Mahali Mezani pa Mfalme

Soma 2 Samweli 9:1–13 na Yakobo 2:14–17. Mbali na kumwacha Mefiboshethi aishi, Daudi alimfanyia mambo gani?

Mefiboshethi alikuwa na umri wa miaka mitano alipoanguka mlezi wake akikimbia naye, akawa kiwete miguu yote miwili (2 Samweli 4:4). Daudi alipompata alimwambia asiogope, lakini hakuishia hapo. Alimrudishia mashamba ya Sauli, akamwagiza Siba, pamoja na wanawe 15 na watumishi 20, wamlimie. Naye akala mezani pa mfalme siku zote. Ardhi, watu wa kazi, na mahali pa kudumu mezani: fadhili za Daudi zilionekana kwa macho.

Nchini Poland, sheria ya mwaka 1993 iliruhusu mimba kutolewa iwapo mtoto aliye tumboni amegundulika kuwa na kasoro kubwa. Mwaka 2017 serikali ilianza kuwalipa wazazi wa mtoto aliyezaliwa na ulemavu mkubwa zloti 4,000, mara moja tu. Mwaka 2018 wazazi, pamoja na watoto wao wenye ulemavu waliokwisha kuwa watu wazima, walikaa ndani ya jengo la bunge mjini Warsaw kwa siku 40, usiku na mchana. Waliomba posho ya zloti 500 kila mwezi. Waliondoka bila posho hiyo. Kisha tarehe 22 Oktoba 2020, Mahakama ya Katiba ilitamka kwamba ruhusa ile ya mwaka 1993 inapingana na Katiba.

Anayeamini kwamba Mungu humwona mtoto tangu tumboni (Zaburi 139:13–16) atatambua uzito wa uamuzi huo. Lakini mama aliyembeba mtoto huyo miezi tisa huenda akambeba mgongoni miaka ishirini. Kumwambia azae, kisha kumwachia mzigo peke yake, ni kumwaga mwenye njaa kwa maneno ya amani, jambo ambalo Yakobo analikemea. Uhai unaotetewa mahakamani unahitaji pia kulishwa, kuogeshwa na kupelekwa hospitali.

Je, ni familia gani katika kanisa lenu inayomlea mtoto mwenye ulemavu? Jadilini darasani: nani atakaa na mtoto huyo ili mama apumzike, siku gani, na nani atapokea zamu hiyo mwaka ujao?