SOMO: KUWATUNZA WAZEE NA WALEMAVU WAKATI WA JUA KALI



Mtu akisema joto linaua, hapa Litein tunacheka. Tumezoea baridi na ukungu. Lakini kati ya Januari na Machi, mvua ikikatika, nyumba ya mabati isiyo na dari huwa kama jiko ifikapo saa nane mchana. Anayebaki ndani ni mzee asiyeweza kutembea, au mtoto mlemavu ambaye mama yake ameenda kuchuma chai.

Ufaransa nako walidhani joto si shida yao. Agosti 2003 watu karibu 15,000 walikufa kwa joto, wengi wao wazee. Wengi walikuwa peke yao, hakuna wa kubisha hodi. Mwaka 2004 sheria ikaagiza mameya waweke orodha ya wazee na walemavu wanaotaka kuangaliwa.

Orodha hiyo kikundi chaweza kuiandika siku moja ya mchango. Kando ya kila jina andikeni jina la mwanakikundi mmoja atakayemwona mtu huyo kila siku ya jua kali. Tukisema "sote tutamwangalia," hakuna atakayeenda, mnajua wenyewe.

Ukifika, anza na maji. Mtu akizeeka hasikii kiu vizuri. Kogo atakuambia hana kiu, na anasema kweli, kumbe mwili umekauka. Wengine wanakataa kunywa kwa sababu choo kiko mbali na magoti yanauma. Huyo usimgombeze, mtafutie ndoo. Mpe kikombe mkononi ukae naye mpaka amalize. Chai na uji mwepesi pia vinahesabika. Mtoto asiyeweza kusema apewe kidogo kidogo, mara nyingi. Anayemeza dawa za presha zinazomkojoza, au aliyeambiwa apunguze maji, muulizieni kwa muuguzi. Msimwachishe dawa.

Mvueni koti (wazee wetu na koti, jameni!) na mtoeni kivulini. Siku ya pesa za Inua Jamii, kijana amshikie mzee nafasi kwenye foleni.

Sasa hatari yenyewe. Mzee aliyekuwa na akili timamu asubuhi anaanza kupayuka, anayumba, mwili unawaka moto. Nyumbani watasema ni uzee. Msikubali. Mlazeni kivulini, mpunguzieni nguo, mloweshe mwili kwa maji na kumpepea, huku mwingine akitafuta gari la kwenda hospitali, Litein au Kapkatet. Iwe ni joto au ni malaria, safari ni ile ile. Asiyejitambua msimnyweshe kitu, atapaliwa.

Ya kujadiliana kikundini:

Ni nani kijijini kwetu hushinda peke yake mchana?

Nani anamteka maji, na yanafika mkononi mwake?

Kama amefungiwa ndani, ufunguo uko kwa nani?