Kufuga Bata Bila Kuleta Ugonjwa Nyumbani

Hapa Kolwezi watu wengi hula bukari kila siku. Bukari hushibisha tumbo, lakini peke yake haitoshi kumjenga mtoto. Mtoto aliyeachishwa ziwa, akipewa bukari na mchuzi mtupu tu, aweza kuvimba miguu na uso, na nywele zake kugeuka rangi. Anahitaji chakula cha kujenga mwili: maharagwe, karanga, samaki, nyama na mayai. Bata aweza kukupa nyama na mayai kwa gharama ndogo. Lakini bata asiyetunzwa vema aweza pia kuleta ugonjwa. Basi, tujifunze mambo yote mawili.

Bata tunayemtaja

Ni yule mkubwa mwenye ngozi nyekundu yenye vinundu usoni. Wengine humwita bata wa Barbari. Jina hilo lisikudanganye. Asili yake ni Amerika ya Kati na ya Kusini, na wenyeji wa huko walimfuga kabla Wazungu hawajafika. Hana kelele nyingi. Dume hutoa sauti kama mtu apumuaye kwa nguvu. Hula majani, wadudu, pumba na masazo ya jikoni. Tena hahitaji ziwa wala mto ili aishi. Likumbuke sana jambo hilo la mwisho, maana ndilo msingi wa somo hili.

Jinsi ya kumtunza

1. Anza na dume mmoja na majike wanne au watano. Usiwachanganye na bata wa namna nyingine, maana watoto wa mchanganyiko huo hawazai.

2. Wajengee kibanda kikavu chenye hewa, mbali na jiko na mbali na kisima. Bata wasilale ndani ya nyumba ya watu. Tandika nyasi kavu, nawe uzibadili zinapolowa.

3. Wape pumba za mahindi, majani ya lengalenga yaliyooshwa, na mchwa wa kichuguu. Mchwa ni chakula chema sana kwa vifaranga.

4. Jike huatamia mayai yake mwenyewe kwa siku 35 hivi. Kuku huatamia siku 21 tu, basi usikate tamaa ukaona kwamba mayai yameharibika. Muwekee chakula na maji karibu.

5. Vifaranga wakilowa na kupigwa na baridi, hufa. Katika miezi ya Juni na Julai usiku wetu ni wa baridi. Walinde wawe pakavu penye joto. Maji yao yawe katika chombo chenye jiwe katikati, wapate kunywa na kuosha pua zao bila kuoga.

Uchafu unaoondolewa na moto

Katika mavi ya bata mna vijidudu viletavyo kuhara na homa. Vijidudu hivyo huweza kuwa juu ya ganda la yai, na hata ndani yake. Kwa hiyo yai la bata lisiliwe bichi wala nusu bichi. Lichemshe dakika 15 tangu maji yaanze kutokota. Nyama nayo iive mpaka hakuna damu karibu na mfupa. Nawa mikono kwa sabuni, au kwa majivu, kila utokapo bandani. Usimwache mtoto atambaaye acheze mahali bata wanapokunya.

Bata wengi wakifa kwa ghafula, usile nyama yao wala usiiuze. Usiwashike kwa mikono mitupu. Wafukie katika shimo refu, kisha umwarifu daktari wa mifugo.

Uchafu usioondolewa na moto

Hapa, ndugu, sikiliza kwa makini. Sisi tunakaa katika nchi ya shaba na kobalti. Mwaka 2014 madini ya kobalti yalionekana chini ya viwanja vya mtaa wa Kasulo, na watu wakaanza kuchimba katikati ya nyumba zao. Mwaka 2018 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Ubelgiji walitangaza yale waliyoyapima. Watu wa Kasulo walikuwa na kobalti katika mkojo na damu kuliko watu wa mtaa usio na machimbo, na tofauti hiyo ilionekana hasa kwa watoto. Vumbi ndilo lililowaletea.

Sasa mfikiri bata. Mdomo wake umeumbwa kuchuja tope. Akienda kwenye kijito ambako watu huosha madini, humeza tope lile tangu asubuhi hata jioni. Madini mengine yanayofuatana na shaba, kama risasi na kadimu, hukaa katika ini na figo za mnyama. Kuchemsha huua vijidudu, lakini hakuondoi madini. Nyama yaweza kunukia vizuri na kuiva kabisa, na uchafu huo ungali ndani.

Basi, ufanye nini?

Wazungushie bata wako ua, wasitembee hata kijitoni. Hawatakufa kwa kukosa mto. Beseni moja la maji safi la kuzamisha kichwa lawatosha. Mwaga maji hayo kila siku na kutia mengine, ili mbu wasizae humo.

Usiweke pumba katika magunia yaliyobeba madini. Usiwanyweshe bata katika beseni iliyooshewa madini. Baba au kijana atokaye machimboni na avue viatu na nguo za kazi nje, asizikung'ute karibu na banda.

Ukinunua bata ambaye alizoea kuzurura kwenye maji ya machimbo, usile ini wala figo zake, wala usimpe mtoto au mama mjamzito.

Kazi hii yataka mtu kuchota maji kila siku na kukata majani, nayo ni taabu. Lakini ni afadhali bata watano ndani ya ua kuliko ishirini wanaojilisha topeni. Wale watano watamjenga mtoto wako.

Maswali ya kujibu pamoja na watu wa nyumba yako

1. Kwa nini bukari peke yake haimtoshi mtoto?
2. Jike la bata huatamia siku ngapi?
3. Ni uchafu gani unaoondolewa kwa kuchemsha, na ni upi usioondolewa?
4. Je, bata wenu hunywa maji wapi leo? Nenda ukaone.