SOMO: NANI ANASHIKA KAMERA?



Mwenzetu mmoja alirudi kutoka mjini akasema: «Ile mchezo ya televizyo ya zamani iko mubaya, mutu anatembea kama hana akili!» Wengine walicheka. Sisi tukaona tulitafute neno hili vizuri, maana kuhukumu kazi ya mtu bila kujua sababu yake si haki.

1. Mashini ya zamani

Tutwae mfano wa Resident Evil, mchezo wa kutisha wa Wajapani wa kampuni Capcom. Wa kwanza ulitoka mwaka wa 1996 kwa PlayStation. Mashini ile haikuwa na nguvu ya kuchora nyumba nzima upya kila mara mtu anapogeuka. Basi vyumba vilichorwa mbele, kama picha za ukutani, na kamera ikafungwa pahali pamoja: penye kona, au juu karibu na dari. Mchezaji hana ruhusa ya kuigeuza. Akipita kona, picha inabadilika ghafula.

Na manete? Ilikuwa na vifungo tu, bila vijiti. Kifungo cha juu maana yake «nenda mbele kufuata uso wako». Cha kushoto na cha kuume maana yake «geuka». Ni kama kusukuma kinga yenye mizigo ya mawese: unageuza usukani kwanza, ndipo unasonga.

Kwa nini hivyo? Fikiri kidogo. Kama «juu» ingefuata picha, kila mara kamera ikibadilika mtu angegeuka na kurudi alikotoka bila kutaka. Kumbe ile njia nzito ilikuwa na akili yake! Tena, kwa kuwa hauoni kinachongoja nyuma ya kona, woga unazidi.

2. Mashini ya sasa

Mwaka wa 1997 Sony walileta manete DualShock yenye vijiti viwili. Polepole ikawa desturi: kijiti cha kushoto kinatembeza mtu, cha kuume kinageuza kamera. Resident Evil 4, ya mwaka wa 2005, iliweka kamera nyuma ya bega. Lakini mtu alipaswa kusimama kwanza ndipo apige risasi. Kutembea na kupiga pamoja kulikuja katika mchezo wa sita, mwaka wa 2012. Katika wa saba, mwaka wa 2017, kamera iliingia ndani ya macho: unaona mikono yako tu.

Kwa telefone ni vilevile: dole gumba la kushoto linatembea, la kuume linatazama. Ni rahisi, ndiyo. Lakini mwenye kuzoea urahisi asimcheke aliyejifunza kwa shida.

3. Bega la nani?

Hapa ndipo somo linatugusa. Mchezo wa tano, wa mwaka wa 2009, unatendeka Kijuju, pahali pa kubuni katika Afrika. Na wenyeji wake wanasema nini? Kiswahili! Wameharibiwa na ugonjwa, wanaitwa Majini, na kazi ya mchezaji ni kuwapiga. Kamera iko nyuma ya bega la Mwamerika, Chris Redfield. Ni kweli, mwenzake Sheva Alomar ni mwanamke Mwafrika. Hata hivi, tangu picha za kwanza zilipoonyeshwa mwaka wa 2007 watu wengi walinung’unika, na sisi tunaona walikuwa na sababu. Lugha ya mama zetu ikawa sauti ya adui.

Sasa tazama mwingine. Lual Mayen wa Sudani Kusini alikulia katika kambi ya wakimbizi Uganda. Akajifunza kompyuta, akatengeneza mchezo wake, Salaam. Ndani yake mchezaji ni mkimbizi anayekimbia vita. Kamera inafuata yule anayekimbia, si yule mwenye bunduki. Hapa Maniema, pahali watu wengi waliacha nyumba zao sababu ya vita, hatuhitaji kuelezwa tofauti hiyo.

Basi usiulize tu: «Mchezo uko mwepesi?» Uliza pia: «Ninatazama kutoka bega la nani?»

Maulizo

1. Kwa nini kamera ya mwaka wa 1996 ilifungwa pahali pamoja?
2. Chora kiwanja chetu cha mpira mara mbili: kutoka juu kama ndege, na kutoka nyuma ya golikipa. Nini inaonekana? Nini inafichwa?
3. Ukitengeneza mchezo juu ya Wamaza, kamera utaiweka nyuma ya nani? Toa sababu.