Dondoo muhimu: kundi la WhatsApp la mpira likiwaka moto

Mtu wa hapa kwetu Kamanyola akiandika kundini “mama, rudi jikoni, mpira si wako”, usimjibu kwa ujumbe wa sauti wa hasira. Kumbuka, mtakutana sokoni kesho. Mkumbushe tu: wanawake wa TP Mazembe waliifunga AS FAR ya Moroko 1-0 na kutwaa Ligi ya Mabingwa Afrika mwaka 2024.

Matusi yakizidi, piga picha ya skrini kwanza, maana kwenye WhatsApp mwandishi anaweza kuufuta ujumbe wake, na msimamizi vilevile. Kisha mwandikie msimamizi kando. (Wasimamizi wote wakiwa wanaume, ombeni aongezwe mwanamke.)

Picha ya dada wa watu usiisambaze, hata kwa utani: sheria ya kidijitali ya Kongo, ya 13 Machi 2023, inaadhibu unyanyasaji wa mtandaoni.