Dondoo muhimu: Kagua loki kabla ya bei

Mwaloni Muganza, wilayani Chato, mikono ikiwa imelowa na kuteleza kwa ute wa sangara, kisu cha kukunja kikijifunga chenyewe ni vidole vinavyoumia. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza chapa au bei, kagua loki, yaani kishikizo kinachozuia bapa lisijifunge.

Kifungue taratibu hadi usikie kimeshika. Weka vidole nje kabisa ya njia ya makali, kisha usukume bapa juu na chini. Likicheza, kirudishe kwa muuzaji.

Kati ya visu vya bei kubwa, mimi napendelea loki ya ubavuni aliyoibuni Chris Reeve, mzaliwa wa Afrika Kusini. Sehemu ya mpini wenyewe hupinda ndani na kukaa nyuma ya bapa, na kadiri unavyokaza kiganja ndivyo inavyozidi kubana. Itazame kwa makini: katika kisu kipya iwe imeingia chini ya nusu ya upana wa kitako cha bapa. Ikiwa imevuka hadi upande wa pili, imechakaa. Mpini ukiwa wa titani, uliza kama ncha ya loki imewekewa kipande cha chuma cha pua, maana titani peke yake huliwa upesi.

Opinel ya Ufaransa ni nafuu, na pete yake ya kuzungusha, iliyobuniwa mwaka 1955, hushika vizuri. Ila mpini wa mbao ukilowa huvimba na bapa hugoma kufunguka.

Mchanga na magamba huzuia loki kuingia sawasawa. Osha kwa maji safi, kausha, tia tone la mafuta ya cherehani kwenye pini ya bapa. Na usigonge mgongo wa kisu mezani kujaribu loki, utaiharibu.