Usiwaache Kule Chini

 

Wiki hii najibu swali la mdogo wangu mmoja wa Busisi mwenye kiduka cha vocha na vinywaji. Anasema enzi za feri, kila alipovuka kwenda mjini Mwanza kufuata mzigo, foleni ndiyo ilikuwa nafasi yake ya kucheza gemu. Gari limezimwa, wauza karanga wanapita dirishani, yeye kainamia simu. Tangu Rais Samia afungue Daraja la J.P. Magufuli tarehe 19 Juni 2025, kilomita 3 za maji zinavukwa kwa dakika chache. Foleni hakuna, na gemu likalala. Juzi kalifungua, kakumbuka kwa nini alilinunia: wahusika wake wote sita wamekufa, ghorofa ya 3 chini ya ardhi. Anauliza, "Dada, nilifute au nianze moja?"

Mdogo wangu, usilifute. Na hao sita usiwatupe.

Kwa wasiolijua, gemu lenyewe ni Wizardry, lile la kwanza kabisa. Lilitoka mwaka 1981 kwa kompyuta za Apple II, kazi ya Andrew Greenberg na Robert Woodhead waliokutana Chuo Kikuu cha Cornell huko Marekani. Mwenzetu anacheza toleo la Nintendo la mwaka 1990, kwa programu ya simu inayoigiza mashine ile ya zamani. Unaunda kikosi cha watu sita, unashuka shimoni kumtafuta mchawi Werdna aliyeiba hirizi ya mfalme Trebor na kujificha ghorofa ya 10. Huoni kitu ila ukuta, mlango na giza la mbele yako. Unasogea hatua moja, halafu nyingine, na kila ghorofa ni viboksi 20 kwa 20. Gemu nyingi za leo hazingethubutu kukuacha mpweke namna hiyo, na mimi nalipenda kwa sababu hiyo hiyo.

Sasa kuhusu kifo. Humu ukifa, kifo kinaandikwa papo hapo. Wachezaji wa Apple II walikuwa wakiona mambo yanaharibika wanarukia kuchomoa diski kabla mashine haijaandika msiba. Lakini Greenberg na Woodhead waliacha mlango mmoja wazi: maiti hazipotei. Zinakaa pale pale zilipoangukia, na kikosi kingine kinaweza kushuka kuzitafuta na kuzipandisha. Hiyo ndiyo kazi yako sasa, na kwangu mimi ni kazi tamu kuliko hata kumuua Werdna.

Unda watu wapya, ila usiwakimbize ghorofa ya 3. Wakomae kwanza pale juu. Wapiganaji wakae mbele, maana watatu wa nyuma hawafikishi silaha kwa adui. Kuhani usimkose, kwa ajili ya DIOS ya kutibu majeraha madogo. Mchawi naye mwanzoni asipoteze nguvu zake kwa moto. Atumie KATINO, awalaze maadui, wenzake wawamalize wakiwa usingizini. Uchawi huo mdogo umeokoa vikosi vingi kuliko panga zote za dukani.

Kisha zingatia hili, wengi linawakwaza: kikosi hakizidi sita, na maiti nayo inahesabiwa. Ukishuka na watu sita hutambeba mtu. Shuka na wanne waliokomaa, rudi na wawili. Kesho tena. Ukifika mahali penyewe, chagua amri ya kukagua eneo, majina yao yatatokea. Ukifika juu kwenye kasri wapeleke hekaluni, na uwe na fedha, kwa sababu makuhani wa humo hutoza kwa kadiri ya levo ya marehemu. Wakati mwingine ufufuo unashindikana, mtu anageuka majivu. Majivu nayo hujaribiwa mara moja, yakikataa basi huyo umempoteza moja kwa moja. Jiandae. Ningeanza na kuhani wa zamani, kwa sababu akisimama yeye, wengine unarudi kuwafuata ukiwa na matabibu wawili.

Umeniambia pia kwamba ulikuwa unafuata ramani zilizochorwa na wengine. Achana nazo. Nunua daftari la hesabu, lile lenye viboksi, na penseli yenye kifutio. Ghorofa ya 1, ngazi ya kutokea kasri iko kona ya kusini-magharibi, anzia hapo. Kila hatua kiboksi kimoja, ukuta mstari mzito, mlango mstari uliokatwa. Kuna sehemu sakafu inakugeuza bila taarifa, unadhani unaelekea kaskazini kumbe unarudi ulikotoka. Kuna sehemu inakuhamisha kabisa. Ukiona mistari yako imeanza kugombana, simama, mchawi asome DUMAPIC. Itakuambia uko hatua ngapi mashariki na kaskazini ya ngazi, kina gani, na umeelekea wapi. Futa, rekebisha, endelea. Kikosi chako hakikufa kwa sababu ya zimwi peke yake. Kilikuwa hakijui ngazi iko wapi, kwa hiyo hata nguvu ya kukimbia ilipokuwapo, pa kukimbilia hapakuwapo.

Ndipo nifike kwenye jambo ninalotaka ulishike kuliko yote: geuka mapema. Mvuvi wetu wa hapa ziwani hasubiri mafuta ya injini yaishe ndipo ageuze mtumbwi. Uponyaji wa kuhani ukibaki nusu, panda juu, hata kama mlango unaofuata unakuita kwa jina. Kule juu kulala zizini ni bure, na nguvu za uchawi zinarudi zote. Kesho mlango utakuwa pale pale.

Utaratibu huo utakutatulia na hili la muda. Funga duka, kula, shuka mara moja, panda, zima simu. Ile picha ya kuhifadhi hali inayotolewa na programu ya simu itumie chaji ikikaribia kuisha au ukiitwa na mtoto. Ukiitumia kufuta kila pigo, utamaliza shimo zima bila kuliogopa hata siku moja, na woga ule ndio ulikufanya ulikumbuke hadi leo. Na anayekuambia mtu mzima hachezi gemu, mwache. Kuna wenzake wanaangalia mpira kila usiku na hatujawauliza.

Usitishwe na ghorofa 10. Ya 4 ina chumba chenye walinzi wakali, na ukiwashinda utapata utepe wa bluu. Huo utepe ndio ruhusa ya lifti inayoshuka hadi ghorofa ya 9, kwa hiyo ya 5 mpaka ya 8 waweza kuzipita bila kukanyaga. Mimi ningezitembelea kidogo kwa ajili ya levo na silaha, lakini wewe una duka na watoto, hakuna atakayekudai. Ya 9 ina tundu la kukutumbukiza ya 10, na huko vyumba vinafuatana mpaka kwa Werdna. Ukifika kwake usiweke akiba tena. Kila kitu ambacho kikosi chako kinakijua, kitoe raundi ya kwanza, kwa sababu yeye hatakupa ya pili kirahisi.

Ukimshinda bado hujamaliza. Hirizi lazima ifike kasri, ndipo majina ya kikosi yanawekewa alama ya heshima. Ningependa baadhi ya majina hayo yawe ya wale sita. Anza usiku wa leo na daftari, na ukishampandisha wa kwanza niandikie umemchagua nani. Ramani ya ghorofa ya 3 nayo ipige picha unitumie, pamoja na ufutajifutaji wake wote.