Kumfundisha Stadi Mtoto Mwenye Usonji: Hatua Ndogo, Tuzo na Sababu za Mwenendo

Mtoto asiyeweza kunawa mikono, kwenda chooni peke yake au kuomba maji hupata shida ya kubaki shuleni hata kama akili yake ni nzuri. Walimu huchoka naye, wenzake humcheka, na mwisho mzazi huambiwa amweke nyumbani kwanza hadi atakapokuwa tayari. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inatambua haki ya mtoto wa namna hiyo kusoma pamoja na wenzake. Lakini haki iliyoandikwa haimfundishi kufungua bomba. Kazi hiyo ni ya mwalimu, na ina njia zake.

Katika eneo hili la Arusha na miteremko ya Mlima Meru tumebahatika kuwa na Chuo cha Patandi pale Tengeru, kando ya barabara iendayo Moshi, kinachoandaa walimu wa elimu maalumu. Hata hivyo mtoto mwenye usonji hamngojei mtaalamu. Huweza kuandikishwa darasa la kwanza katika shule yoyote, Usa River au Arusha mjini, na wewe ndugu mwanachuo ukamkuta huko wakati wa mazoezi ya kufundisha. Kwa hiyo yafaa kila mwalimu wa shule ya msingi azijue kanuni zinazofuata.

Usonji ulielezwa kwa mara ya kwanza kwa upana na daktari Leo Kanner wa Baltimore, Marekani, mwaka 1943, katika taarifa yake juu ya watoto 11. Mtoto mwenye usonji hukua na namna yake ya kuwasiliana, ya kuhusiana na watu, na ya kuhisi sauti, mwanga au mguso. Wengine hawasemi kabisa. Wengine husema sana juu ya jambo moja walipendalo. Si maambukizi, si laana, wala si matunda ya malezi mabaya. Kwa miaka mingi baada ya 1943 wataalamu wengi waliwalaumu akina mama kuwa ndio waliosababisha hali hiyo kwa ubaridi wao. Lilikuwa kosa kubwa, nalo liliwaumiza wazazi wasio na hatia.

Mkabala wa kitabia ulitokana na saikolojia ya B. F. Skinner na wafuasi wake. Msingi wake ni mwepesi kuutamka: tendo linalofuatiwa na jambo analolipenda mtendaji huelekea kurudiwa. Ugumu uko katika kuutumia. Mfano mashuhuri ni ule ulioandikwa mwaka 1964 na Montrose Wolf, Todd Risley na Hayden Mees, juu ya mvulana mwenye usonji wa miaka mitatu na nusu. Mvulana huyo alikuwa amepasuliwa mtoto wa jicho, na asipovaa miwani angepoteza uwezo wa kuona. Lakini kila alipovishwa aliitupa. Wataalamu hao hawakumlazimisha. Walianza na fremu tupu zisizo na vioo. Alipozigusa alipewa tuzo. Kisha ilimpasa azishike ndipo apewe. Kisha azibebe, kisha azisogeze karibu na macho. Vioo viliwekwa baadaye. Alipotoka hospitalini alikuwa ameshavaa miwani kwa zaidi ya saa 600, na aliivaa kama saa 12 kwa siku.

Jambo moja katika kisa hicho halifai kuigwa. Vipande vya peremende vilipoonekana havina nguvu ya kutosha, walitumia chakula chake cha asubuhi kuwa tuzo. Uji wa saa nne shuleni ni haki ya mtoto, wala haugeuzwi kuwa ujira wa kunawa. Tuzo itafutwe kwingine: kupewa kifuniko cha chupa anachopenda kukizungusha, kupanda bembea, kukaa chini ya mti mahali anapopapenda. Usikisie. Mtazame mtoto kwa siku mbili tatu wakati wa mapumziko uone anakimbilia nini akiwa huru; hicho ndicho tuzo, hata kama wewe hukioni kuwa na thamani. Sifa ya mwalimu mbele ya darasa, inayowafurahisha watoto wengi, kwa mtoto huyu huenda ikawa adhabu.

Sasa tuchukue kunawa mikono kwa kibuyu chirizi, kama vile vinavyotundikwa karibu na vyoo vya shule. Kwa mtu mzima ni tendo moja. Ukinawa polepole huku ukiandika kila unalolifanya, utaona ni mfuatano wa matendo mengi: kusogea, kukanyaga kijiti, kulowesha mikono, kushika sabuni, kusugua viganja, kusugua migongo ya mikono, kukanyaga tena, kusuuza, kukung'uta. Andalio la somo linaloandika tu kuwa mwanafunzi aweze kunawa mikono halimsaidii mtoto huyu. Liandike hatua hizo tisa, nawe uzijaribu mwenyewe kabla ya kumwita.

Walimu wengi huanza na hatua ya kwanza. Mara nyingi ni bora kuanza na ya mwisho. Msaidie mtoto katika hatua zote, mkono wako ukiongoza wake kwa upole na kwa ridhaa yake, kisha mwachie kukung'uta peke yake, na tuzo ifuate papo hapo. Akishaizoea, mwachie kusuuza na kukung'uta. Halafu kukanyaga, kusuuza na kukung'uta. Na kuendelea kurudi nyuma. Faida yake ni kwamba kila mara mtoto anamaliza kazi mwenyewe, na tuzo huikuta kazi iliyokamilika.

Msaada nao hauna budi kupunguzwa kwa mpango. Mkono ulioushika mkono hugeuka kuwa kidole kinachogusa kiwiko, kisha kidole kinachoelekeza kwa mbali, kisha mwalimu anasimama tu akingoja. Kungoja huko kunawashinda wengi wetu. Hesabu hadi tano moyoni kabla ya kusaidia. Jihadhari hasa na maneno. Mwalimu anayesema "sugua, sugua, suuza" kila siku hatimaye hupata mtoto anayenawa vizuri sana, ila tu mwalimu akisema. Maneno ni msaada ulio mgumu kuuondoa kuliko mguso au ishara, kwa sababu mwalimu hasikii jinsi anavyousema.

Iwapo mtoto anakataa kabisa, usiharakishe kusema ni mkaidi. Mwezi Juni na Julai maji yateremkayo kutoka mlimani ni baridi, na asubuhi ya mawingu hata mtu mzima huyaogopa. Kwa mtoto ambaye ngozi yake huhisi kupita kiasi, maji hayo ni maumivu. Mwalimu akiyaacha maji juani hadi saa nne, huenda nusu ya tatizo ikaisha bila tuzo yoyote.

Hapa tunafikia jambo ambalo kwa maoni yangu ndilo kiini cha mkabala huu, nalo husahaulika: kila mwenendo una kazi yake. Tuseme mtoto mmoja hupiga kelele na kujipiga kichwa kila darasa linapoimba na kupiga makofi. Mwalimu humtoa nje. Baada ya majuma mawili kelele zimezidi. Mwalimu hudhani anamwadhibu, kumbe anamtuza: darasani watoto 60 wanaimba, makofi yanamchoma masikioni, naye amegundua njia moja tu ya kupata utulivu. Kwa hiyo kabla ya kutenda lolote, andika mambo matatu kwa siku kadhaa: kilichotangulia, tendo lenyewe, na kilichofuata. Ukiona nje ndiko anakokutafuta, mfundishe njia iliyo bora ya kukuomba, kwa mfano kukupa kadi yenye picha ya mti. Kila akiitoa, mruhusu mara moja. Mwaka 1985 Edward Carr na Mark Durand walionyesha jambo hili kwa watoto wanne waliokuwa na ulemavu wa makuzi: walipofundishwa kuomba kwa maneno kile ambacho fujo zao zilikuwa zikikitafuta, fujo zilipungua sana.

Kiboko hakina nafasi hapa. Kanuni za mwaka 1979, zilizorekebishwa 2002, haziruhusu kila mwalimu kuchapa apendavyo. Lakini hata bila kanuni, kiboko hakimwonyeshi mtoto afanye nini badala yake. Wanasaikolojia wa tabia wenyewe hawana historia safi katika hili. Ivar Lovaas wa Los Angeles alitumia hata mshtuko wa umeme kwa baadhi ya watoto katika miaka ya 1960. Taarifa yake ya mwaka 1987, iliyosema kuwa watoto 9 kati ya 19 waliofundishwa kwa takriban saa 40 kwa juma walifikia kiwango cha kawaida cha akili na kuendelea darasani kama wenzao, ilisifiwa sana na pia kupingwa sana, na mafundisho hayo nayo yalitia ndani adhabu. Watu wazima wenye usonji wamesema wazi baadaye kwamba kulazimishwa kumtazama mtu machoni, au kuzuiwa kupunga mikono, kuliwaumiza bila kuwafundisha lolote. Mtoto anayepunga mikono wakati wa hesabu hamdhuru mtu; mwache. Saa zako ni chache, zitumie kwa yale yatakayompa uhuru: kula, kujisafisha, kuomba, kukataa.

Saa 40 kwa juma hazipatikani katika shule zetu, wala hazihitajiki kwa kunawa mikono. Mtoto hunawa baada ya choo, kabla ya uji, baada ya bustani. Dakika tano mara tatu kwa siku, kazi ikifanyika wakati wake halisi, zinatosha. Chora jedwali daftarini: hatua tisa upande mmoja, tarehe upande mwingine, na herufi M akishikwa mkono, I akionyeshwa kwa ishara, P akifanya peke yake. Hatua ikibaki M kwa siku kumi, hatua hiyo ni kubwa mno, igawe.

Limebaki tatizo moja, nalo huwashangaza walimu wageni. Mtoto aliyenawa vizuri kwa kibuyu chirizi mwezi mzima huweza kusimama mbele ya beseni la nyumbani asijue la kufanya. Kwake ni kazi nyingine kabisa. Hakuna kijiti, maji yamo ndani ya chombo, na bibi anamwambia kwa Kimeru au Kiarusha neno ambalo shuleni hajalisikia. Stadi haihami yenyewe, huhamishwa. Mapema kabisa, kabla hatua zote hazijakamilika, mwombe mzazi akueleze nyumbani hunawa kwa chombo gani, nani humsimamia, na hutumia neno gani. Lete beseni shuleni, ulitumie siku moja kati ya tatu. Jifunze neno la bibi na ulitumie. Mwalimu mwenzako naye amsimamie mara mojamoja, ili mtoto asidhani kunawa ni jambo la kwako peke yako. Kisha mzazi apewe nakala ya jedwali, akiwa hasomi achorewe picha, na aanze na kukung'uta mikono tu, kabla ya shule kufungwa kwa likizo ya Juni.